Kichupa Hakifunguliwi Njiani: Somo Kuhusu Usalama wa Sampuli za Homa ya Mafua

Mgonjwa anapofika hospitalini akiwa na homa kali, kikohozi na shida ya kupumua, mhudumu wa afya anaweza kuomba kuchukua sampuli ya pua na koo. Wakazi wengi wa Kitui na Makueni hujiuliza maswali hatua hiyo inapofika. Kwa nini kijiti kiingizwe ndani kabisa ya pua? Sampuli inapelekwa wapi? Mbona anayeichukua amejifunika kama mtu anayekwenda kupulizia dawa shambani? Na mbona majibu hayatoki siku hiyo hiyo?

Somo hili linafuata safari ya sampuli moja, kuanzia puani mwa mgonjwa hadi inapopimwa na mabaki yake kuteketezwa. Jambo kuu la kushika ni moja: usalama wa maabara hauanzii kwenye mlango wa maabara. Unaanza na maneno ya mgonjwa mwenyewe, na unategemea kila mkono unaopokea kichupa njiani.

Homa ya mafua ni ugonjwa gani?

Mafua ya kawaida hutiririsha makamasi, hukereketa koo na kwa kawaida hupita yenyewe. Homa ya mafua, yaani influenza, huletwa na virusi vya aina yake na mara nyingi huanza ghafla kwa homa, kikohozi kikavu, maumivu ya misuli na uchovu mwingi. Wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Lakini kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee na watu wenye magonjwa kama pumu, kisukari au moyo, ugonjwa huu unaweza kugeuka nimonia na kuua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 ulimwenguni hufa kwa matatizo ya kupumua yanayotokana na homa ya mafua.

Nchini Kenya virusi hivi havingoji baridi ya Julai pekee. Huzunguka karibu mwaka mzima, vikipanda na kushuka. Husambaa kwa matone madogo yanayotoka mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kuongea, na pia kwa mikono iliyogusa matone hayo kisha ikagusa macho, pua au mdomo. Dalili hujitokeza siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, na mtu anaweza kuambukiza wengine hata siku 1 kabla hajajihisi mgonjwa.

Kwa kuwa dalili za homa ya mafua hufanana na za UVIKO-19 na magonjwa mengine ya kifua, daktari hawezi kuwa na uhakika kwa kumtazama mgonjwa tu. Kipimo cha maabara ndicho kinachotenganisha. Kwa ajili ya ufuatiliaji, wataalamu hutumia kigezo kimoja: mgonjwa mwenye homa ya nyuzijoto 38 au zaidi pamoja na kikohozi, vilivyoanza ndani ya siku 10 zilizopita. Akiwa mahututi kiasi cha kulazwa, huhesabiwa kuwa na ugonjwa mkali wa njia ya hewa.

Kwa nini sampuli ni hatari kwa anayeipima?

Sampuli inayoshukiwa kuwa na homa ya mafua inaweza kubeba virusi hai. Virusi hivyo havijui kwamba vimetoka kwa mgonjwa na kuingia kwenye kichupa. Vikipata njia ya kufika puani mwa mtaalamu wa maabara, vitamwambukiza vilevile kama ambavyo vingemwambukiza jirani wa mgonjwa ndani ya matatu.

Jambo hili limethibitishwa tangu siku za mwanzo za utafiti. Virusi vya homa ya mafua vya binadamu vilitambuliwa nchini Uingereza mwaka 1933, kwa kutumia fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Miaka mitatu baadaye, mtafiti Charles Stuart-Harris alipigiwa chafya na fereti aliyekuwa mgonjwa, naye akaugua. Hakuwa amekunywa wala kujichoma kitu chochote. Chafya ilitosha.

Mfano mwingine ni wa SARS, ugonjwa tofauti na homa ya mafua lakini unaoingia pia kwa njia ya hewa. Baada ya mlipuko mkubwa wa mwaka 2003 kuzimwa, watafiti waliambukizwa ndani ya maabara nchini Singapore, Taiwan na China. Katika tukio la Beijing la mwaka 2004, virusi vilivyodhaniwa vimeuawa vilitolewa kwenye maabara yenye ulinzi mkali na kupelekwa kwenye maabara ya kawaida. Watu 9 waliugua. Aliyefariki hakuwa mfanyakazi wa maabara hiyo. Alikuwa mama wa mtafiti mmoja, aliyemuuguza binti yake.

Tukio la tatu halikumwua mtu, lakini liliwatia hofu wataalamu duniani kote. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba sampuli za kujipimia ubora zilizotumwa kutoka Marekani kwa maelfu ya maabara katika nchi 18 zilikuwa na virusi vya H2N2. Hivi ndivyo vilivyoleta janga la homa ya mafua la mwaka 1957, na vilikuwa vimetoweka miongoni mwa watu tangu 1968. Waliozaliwa baada ya hapo hawakuwa na kinga dhidi yavyo. WHO iliomba sampuli hizo ziharibiwe haraka.

Matukio hayo matatu yanafundisha jambo moja. Kosa la maabara halibaki maabara. Hutoka jioni pamoja na mfanyakazi, hupanda naye bodaboda na kuingia naye nyumbani.

Hatua ya 1: Maneno ya mgonjwa

Chukua mfano wa mzee wa Kathonzweni anayefika hospitalini Wote akiwa anahema. Mhudumu anamkalisha kando na wagonjwa wengine, anampa barakoa, kisha anaanza kumuuliza.

"Pole kwa safari, mzee. Kikohozi kilianza lini?"

"Juzi jioni, daktari. Nikadhani ni vumbi tu."

"Nyumbani kuna mwingine anayekohoa?"

"Mjukuu wangu ndiye aliyetangulia."

"Na kuku wako salama?"

Mzee ananyamaza kidogo. "Watatu wamekufa wiki hii. Sikutaka kusema, wasije watu wakawachukua waliobaki."

Hofu ya mzee inaeleweka. Katika Ukambani kuku wa kienyeji ni karo, ni dawa na ni heshima ya mgeni. Aidha, kuku wengi wanaokufa kwa wingi vijijini huuawa na ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita mdondo, na huo si homa ya mafua ya ndege. Lakini magonjwa haya mawili hayawezi kutenganishwa kwa macho. Na homa ya mafua ya ndege haiko mbali: Januari 2017, nchi jirani ya Uganda ilithibitisha virusi vya H5N8 katika ndege wa porini na wa kufugwa kwenye eneo la Ziwa Victoria.

Jibu la mzee hubadilisha kazi yote inayofuata. Sampuli ya mgonjwa asiye na historia ya kugusa ndege wagonjwa hupimwa kwa tahadhari za kawaida za magonjwa ya njia ya hewa. Ile ya mgonjwa aliyegusa ndege wagonjwa huwekewa alama, maabara inayoipokea hupigiwa simu mapema, na wataalamu hujua kwamba hawapaswi kujaribu kuotesha virusi hivyo kwenye maabara isiyo na ulinzi wa kiwango cha juu. Mzee akificha, anayefungua kichupa hufanya hivyo bila kujua anashika nini.

Hatua ya 2: Kuchukua sampuli

Sampuli huwa bora ikichukuliwa ndani ya siku 3 au 4 tangu dalili zianze, kwani wakati huo virusi ni vingi. Mhudumu huvaa barakoa ya N95, miwani au ngao ya uso, gauni na glavu. Hafanyi hivyo kwa sababu ya kumdharau mgonjwa. Kijiti kinapoingia puani, mgonjwa wengi hukohoa au kupiga chafya, na mhudumu yuko umbali wa mkono mmoja tu.

Kijiti kinachotumika si cha pamba wala cha mbao, kwa sababu hivyo vinaweza kuvuruga kipimo. Hutumika kijiti cha plastiki chenye nyuzi laini za kutengenezwa kiwandani. Huingizwa taratibu hadi nyuma ya pua, huzungushwa, kisha hutolewa. Kingine huweza kupitishwa nyuma ya koo. Maumivu ni ya sekunde chache. Vijiti hutiwa kwenye kichupa chenye majimaji maalumu ya kuhifadhi virusi, ncha iliyobaki nje huvunjwa, na kifuniko hukazwa.

Kabla mgonjwa hajaondoka, jina lake, umri, tarehe na namba ya sampuli huandikwa kwenye kichupa na kwenye fomu. Hii nayo ni sehemu ya usalama. Kichupa kisicho na jina kinaweza kumpa mtu majibu ya mwenzake. Mgonjwa au jamaa yake ana haki ya kuomba asomewe kilichoandikwa ili ahakikishe ni sahihi.

Ni muhimu kukumbuka kwamba matibabu ya mgonjwa mahututi hayasubiri majibu. Dawa za kupunguza makali ya virusi hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, kwa hiyo daktari anaweza kuanza tiba huku sampuli ikiwa bado safarini.

Hatua ya 3: Kufunga na kusafirisha

Kichupa kikishakazwa, kanuni ni moja: hakifunguliwi tena hadi kifike kwenye maabara yenye vifaa vya kukifungua kwa usalama. Hakifunguliwi zahanatini ili "kuangalia kama kimejaa". Hakihamishiwi kwenye kichupa kingine kwa sababu cha kwanza ni kikubwa. Kila ufunguzi hurusha matone madogo yasiyoonekana kwa macho.

Kwa safari, sampuli hufungwa kwa tabaka 3. La kwanza ni kichupa chenyewe kisichovuja. Huzungushiwa karatasi au kitambaa cha kunyonya, kiasi cha kuweza kunyonya majimaji yote endapo kitapasuka. La pili ni mfuko au mkebe mgumu usiovuja. La tatu ni sanduku la nje lenye kuhimili kuanguka, pamoja na vipande vya barafu vya kudumisha ubaridi. Fomu ya mgonjwa huwekwa nje ya tabaka la pili, haizungushwi kwenye kichupa, ili anayeisoma asishike kitu kilicholowa. Sanduku la nje hubandikwa alama ya pembe nne iliyosimama kwa ncha, yenye maandishi UN 3373, inayotambulika duniani kote kuwa ni sampuli ya kibiolojia.

Ubaridi ni suala zito katika kaunti hizi mbili. Sampuli inatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8 na kufika maabara ndani ya saa 72. Joto la Kibwezi, Mtito Andei au Mutomo mchana linaweza kuiharibu kabla ya jioni ikiachwa kwenye dashibodi ya gari. Anayesafirisha kutoka Kyuso ana barabara ndefu kuliko aliye Wote, na lazima abebe barafu ya kutosha. Friza ya kawaida ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri haifai kwa kuihifadhi kwa muda mrefu, kwani huharibu virusi. Ikibidi igandishwe, hutakiwa kuwa nyuzijoto 70 chini ya sifuri au baridi zaidi.

Sampuli iliyoharibika ina hatari yake. Inaweza kutoa jibu la "hakuna virusi" ilhali vilikuwapo, na mgonjwa akarudi nyumbani kuambukiza wengine kwa moyo mweupe. Kwa sababu hiyo, sampuli haipewi jamaa wa mgonjwa aibebe mfukoni, wala haitumwi kwa kondakta wa matatu pamoja na vifurushi vingine.

Hatua ya 4: Ndani ya maabara

Maabara ndogo nyingi hupima malaria, damu na mkojo kwa ustadi mkubwa, lakini si kila moja ina vifaa vya kufungua sampuli ya homa ya mafua. Kifaa kikuu ni kabati la usalama wa kibiolojia. Mtaalamu huingiza mikono yake ndani kupitia uwazi wa mbele, huku hewa ikivutwa kuelekea ndani, mbali na uso wake. Hewa hiyo hupita kwenye chujio linalonasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa unaopenya kwa urahisi zaidi. Kabati hili si sawa na feni wala dirisha lililo wazi. Feni inaweza kufanya mambo yawe mabaya zaidi, kwa kupeperusha matone kuelekea kwa watu.

Ndani ya chumba hicho zipo kanuni ambazo hazina mkubwa wala mdogo:

• Hakuna kula, kunywa, kujipaka vipodozi wala kutumia simu ya mkononi kwenye meza ya kazi.
• Majimaji hayavutwi kwa mdomo. Hutumika pipeti yenye kifaa cha kuvutia.
• Mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi hutumia vikombe vyenye vifuniko. Baada ya kuzima, mtaalamu husubiri dakika kadhaa kabla ya kufungua.
• Glavu zilizoshika sampuli hazishiki kitasa cha mlango, kalamu ya mwenzake wala simu ya mezani.
• Gauni la maabara halivaliwi kantini, na haliendi nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto.
• Mikono huoshwa kwa sabuni na maji kila baada ya kuvua glavu na kabla ya kutoka.

Katika kipimo cha PCR, hatua ya mwanzo ni kutia dawa inayovunja virusi na kuacha vinasaba vyake pekee. Baada ya hapo hatari hupungua sana. Kwa hiyo dakika chache kati ya kufungua kichupa na kutia dawa hiyo ndizo za hatari kubwa, na ndizo zinazofanyika ndani ya kabati. Kazi nzima huchukua saa kadhaa, na vichupa hupimwa kwa pamoja. Ukijumlisha safari, ndipo inapoeleweka kwa nini majibu hayatoki siku hiyo hiyo.

Vipo pia vipimo vya haraka vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Vina manufaa, lakini hukosa wagonjwa wengi kuliko PCR. Jibu la "hapana" kutoka kwenye kipimo cha haraka halimaanishi kwamba mgonjwa hana homa ya mafua.

Hatua ya 5: Kichupa kikianguka

Ajali hutokea hata kwa mwenye uzoefu. Kinachotofautisha maabara salama na isiyo salama ni kile kinachofanyika baada ya kichupa kuanguka. Nje ya kabati, watu wote huondoka chumbani, mlango hufungwa na alama huwekwa. Husubiriwa takriban dakika 30 ili matone yatue. Mtaalamu aliyevaa kinga kamili hurudi, hufunika eneo kwa karatasi za kunyonya, kisha humwaga dawa ya kuua viini kuanzia pembeni kuelekea katikati. Hungoja dawa ifanye kazi ndipo ainue karatasi, na vipande vya kichupa huokotwa kwa koleo, si kwa vidole.

Dawa inayotumika sana ni klorini yenye nguvu ya asilimia 0.5. Klorini ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5 hufikia kiwango hicho kwa kuchanganya kipimo 1 cha dawa na vipimo 6 vya maji. Mchanganyiko hutengenezwa upya kila siku, kwa kuwa hupoteza nguvu. Haichanganywi na tindikali wala dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani hutoa hewa ya sumu.

Muhimu kuliko yote, ajali huripotiwa. Mfanyakazi anayeogopa kukaripiwa hunyamaza, akaenda nyumbani na kuugua kimya. Anayeripoti hufuatiliwa afya yake, hupewa dawa ya kinga ikihitajika, na familia yake hulindwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga na mafunzo. Wahudumu wa afya, wakiwemo wa maabara, pia wako katika makundi ambayo WHO inapendekeza yapewe chanjo ya homa ya mafua kila mwaka.

Hatua ya 6: Mwisho wa safari

Sampuli ikishapimwa, mabaki hayatupwi kwenye pipa la kawaida. Hutiwa kwenye mtambo wa mvuke wa shinikizo na kuchemshwa kwa nyuzijoto 121 kwa muda usiopungua dakika 15, na zaidi ikiwa mzigo ni mkubwa. Kisha huteketezwa. Katika vituo vya afya nchini, mfuko mweusi ni wa taka za kawaida, wa njano ni wa taka zenye maambukizi, na mwekundu ni wa taka zenye hatari kubwa zaidi. Sindano na vyembe huwekwa kwenye sanduku gumu. Mtoto akiokota mfuko wa njano au mwekundu nje ya kituo chochote, mzazi asiufungue. Amwoshe mtoto mikono kwa sabuni na kutoa taarifa kwa afisa wa afya ya umma.

Sampuli moja inafaa nini?

Wakazi wa Kitui na Makueni wana sababu ya kujua thamani ya maabara. Mwaka 2004, watu walianza kuugua manjano na kufa katika wilaya za Makueni na Kitui. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalikuwa na sumu kuvu ya aflatoksini. Kufikia Julai mwaka huo walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Bila sampuli za mahindi kupimwa, watu wangeendelea kula kilichokuwa kikiwaua.

Ndivyo ilivyo kwa homa ya mafua. Tangu mwaka 2006, Wizara ya Afya na washirika wake wamekuwa wakikusanya sampuli katika hospitali teule nchini ili kujua ni virusi gani vinavyozunguka. Mwishoni mwa Juni 2009, utaratibu wa kupima ulipokuwa tayari, mgonjwa wa kwanza wa janga la H1N1 nchini Kenya alithibitishwa miongoni mwa wanafunzi wa udaktari waliotoka Uingereza. Taarifa kama hizo kutoka nchi nyingi huingia kwenye mtandao wa WHO ulioanzishwa mwaka 1952, na hutumika kuamua chanjo itengenezwe dhidi ya virusi vipi.

Wajibu wa mwananchi

1. Fika kituoni mapema, funika mdomo na pua unapokohoa, na ukubali kukaa mbali kidogo na wengine.
2. Sema ukweli kuhusu safari, wagonjwa nyumbani, na kuku, bata au ndege waliokufa. Kuku waliokufa kwa ugonjwa wasiliwe, wasiuzwe, wala wasitupwe mtoni. Afisa wa mifugo ajulishwe.
3. Hakikisha jina na tarehe vimeandikwa sawasawa kwenye kichupa chako.
4. Usikubali kupewa sampuli uisafirishe mwenyewe.
5. Tumia maabara iliyosajiliwa na Bodi ya Mafundi na Wataalamu wa Maabara za Tiba ya Kenya (KMLTTB), na uombe kuona cheti.
6. Uliza majibu yako. Taarifa za afya ni siri chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hazitangazwi barazani.
7. Usimtenge jirani anayefanya kazi maabara. Anayefuata kanuni hizi anailinda familia yako na yake.

Jipime

Maswali haya yanaweza kutumiwa shuleni, kwenye chama au katika mkutano wa wahudumu wa afya ya jamii.

Swali: Mhudumu wa zahanati anataka kufungua kichupa ili ahakikishe majimaji yanatosha. Afanye nini?
Jibu: Asifungue. Akitazame kwa nje, akifunge kwa tabaka 3 na kukituma kwenye maabara yenye kabati la usalama.

Swali: Kwa nini fomu haizungushwi kwenye kichupa?
Jibu: Kichupa kikivuja, fomu italowa na kumwambukiza anayeisoma, na jina la mgonjwa litafutika.

Swali: Kipimo cha haraka kimesema "hapana", lakini mgonjwa anazidi kuhema. Je, arudi nyumbani?
Jibu: Hapana. Kipimo hicho kinaweza kukosea. Matibabu hufuata hali ya mgonjwa, na kipimo cha PCR kinaweza kuhitajika.

Swali: Ni nani wa kwanza katika mnyororo wa usalama wa sampuli?
Jibu: Mgonjwa mwenyewe na jamaa zake, kwa kusema ukweli.